Lubumbashi hadi Kolwezi kwa mbio mwezi wa Oktoba: saa za kukimbia, maji, na siku ya kusimama

SWALI: Jambo kocha. Mimi ni fundi wa magari hapa Lubumbashi, nina miaka 29. Nimeshamaliza maratoni, na mwaka jana mwezi wa saba nilikimbia mpaka Likasi kwa siku mbili bila shida. Sasa nataka kwenda Kolwezi kumwona mama, safari nzima kwa mbio, siku sita. Likizo yangu iko Oktoba. Mdogo wangu atanifuata kwa pikipiki, na binamu yangu kwa kinga, yaani baiskeli. Watu wananitisha kwamba joto litaniangusha, lakini Wamarekani wanakimbia Death Valley katikati ya kiangazi chao. Nikimbie saa ngapi, na ninywe maji kiasi gani?

JIBU: Mdogo wangu, jambo. Safari yako inawezekana, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Ila siku sita ni chache kwa Oktoba. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kama kilomita 300, na Likasi iko kwenye kilomita 120 hivi. Ukigawa kwa sita unapata 50 kila siku, na Oktoba saa zenye ubaridi hazitoshi kukimbia 50 bila kuingia kwenye jua la mchana. Panga siku saba, na ya nane iwe ya akiba.

Kabla ya saa na maji, nataka ujue joto litakalokusumbua linatoka wapi, maana hapo ndipo wakimbiaji wengi wenye nguvu wanapojidanganya. Wanadhani adui ni jua peke yake. Mwili unapokimbia, robo hivi tu ya nguvu inayochomwa ndiyo inayokupeleka mbele. Robo tatu inageuka kuwa joto ndani ya misuli. Mtu wa kilo 65 hutumia karibu kilokalori 65 kwa kila kilomita. Akienda kilomita 10 kwa saa, anazalisha joto la karibu kilokalori 490 kila saa, iwe Julai au Oktoba. Safari yako ya Likasi ilikuwa nyepesi kwa sababu mwezi wa saba hewa yetu ni baridi, ikakunyang'anya joto hilo bila wewe kujua. Oktoba kivulini tunafika nyuzi 32 na kupita, na juu ya lami ni zaidi. Ngozi yenyewe ina nyuzi kama 35. Hewa ya namna hiyo haikupunguzii kitu cha maana. Kinachobaki ni jasho.

Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa karibu kilokalori 580. Fanya hesabu: kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa unahitaji karibu lita 0.85 ya jasho kila saa kuondoa joto ulilolitengeneza wewe mwenyewe, kabla hujahesabu la jua na la lami. Ukishuka hadi kilomita 7 kwa saa, hitaji hilo linashuka hadi lita 0.6 hivi. Hakuna kofia, hakuna kinywaji, hakuna dawa inayoweza kukupunguzia mzigo kiasi hicho. Mwendo ndio chombo kikubwa ulicho nacho, na ni cha bure. Kipimo chake ni mdomo wako: ukishindwa kumwambia binamu yako sentensi nzima bila kukata pumzi, umeshazidisha. Milima yote itembee. Hata tambarare, kila baada ya dakika 25 tembea 5. Siku ya kwanza utaona unapoteza muda. Siku ya nne, ukitoka Likasi, utaelewa kwa nini nimesisitiza.

Kuhusu Death Valley: mbio hizo zinaitwa Badwater, ni kilomita 217, na hewa ya kule Julai inaweza kupita nyuzi 50. Lakini angalia zinavyoendeshwa. Kila mkimbiaji ana watu wake na gari lenye barafu linalomsubiri mbele mara kwa mara. Wengi wao wanauzoesha mwili joto kwa wiki kadhaa kabla ya kwenda. Na miaka ya karibuni mbio zinaanzishwa jioni, ili sehemu ya mwanzo ikimbiwe usiku. Wao wenyewe wanalikwepa jua kadiri wanavyoweza. Sisi usiku hatuna, na sababu unaijua: barabara ya Kolwezi usiku ni ya kamiyo (malori) za shaba na matenki ya asidi, na dereva aliyechoka hamwoni mtu pembeni ya lami. Usikimbie gizani kwenye RN1, barabara hii kuu, hata ukiwa na taa na fulana ya kung'aa. Joto tunaweza kulipangia; kamiyo hatuwezi.

Kwa hiyo saa zako ni hizi. Anza mwanga unapopambazuka, saa kumi na moja na robo alfajiri, uende mpaka saa tatu na nusu asubuhi. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, pamoja na kutembea, hapo umepata 30. Halafu simama kabisa. Lala, kula, kaa kivulini mpaka saa kumi kasorobo alasiri. Kisha ongeza saa mbili za taratibu, kilomita 13 hivi, na saa kumi na mbili kasorobo uwe umeshafika pa kulala. Jumla ni 43 kwa siku, na siku saba zinakufikisha kwa mama. Usidharau zile saa mbili za jioni. Jua limelegea, lakini lami bado inatoa joto ililokula mchana kutwa, na mwili wako unaanza ukiwa tayari umepata moto. Mwendo wa jioni uwe chini ya ule wa asubuhi.

Ukitaka kuona ratiba hii ikifanya kazi, watazame wabeba makala, yaani mkaa, wanaoingia Lubumbashi kwa kinga. Mizigo yao ni mizito kuliko wao, magunia yamefungwa mpaka juu ya kichwa cha dereva, na kwenye kupanda wanasukuma. Wanatoka porini kukiwa bado giza. Jua likishika nguvu unawakuta chini ya mwembe, kinga imeegemezwa kwa mti wa kuishikilia, shati limevuliwa na kutandikwa juu ya gunia. Hakuna anayewaita wavivu. Ila kivuli kizuri hakipatikani kila mahali, na sababu mojawapo ni hayo hayo makala: karibu na mji miombo, miti ya pori letu, imekatwa sana. Mdogo wako mwenye pikipiki atangulie kila asubuhi kutafuta mti wa kweli au baraza la mtu, na mkae hapo kwa ruhusa ya wenyeji. Kumbuka pia kwamba Oktoba pori linaweza kuwa bado linachomwa moto; moshi ukiwa mzito, usikimbie ndani yake, subiri.

Sasa kuuandaa mwili. Umetoka kwenye miezi ya baridi, kwa hiyo mwili wako haujui joto hata kama umezaliwa Katanga. Unahitaji siku 10 hadi 14 mfululizo, au karibu mfululizo, za kukimbia polepole saa moja hivi katika joto la alasiri. Anza katikati ya Septemba. Katika wiki ya kwanza majimaji ya damu yanaongezeka, na moyo unapata nafuu. Baadaye jasho linaanza kutoka mapema zaidi, linatoka kwa wingi, na chumvi inayopotea ndani yake inapungua. Faida hizo hazikai: ukiacha, ndani ya wiki moja zinaanza kupungua. Kwa hiyo usijizoeshe Agosti halafu ukapumzika Septemba yote. Siku hizo usijaribu kuvunja rekodi yoyote. Ukihisi kichwa kinazunguka, nenda nyumbani.

Maji. Nakuomba usome sehemu hii taratibu, kwa sababu ushauri wa mitaani ni «kunywa, kunywa, kunywa», na umeshaumiza watu. Kwenye Comrades, mbio za Afrika Kusini za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg zilizoanza 1921, mwaka 1981 walipatikana wakimbiaji waliozidiwa kwa kunywa maji kupita kiasi. Daktari Tim Noakes na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 1985, na tangu hapo tunajua vizuri kinachotokea. Unapokimbia muda mrefu, mwili unazuia mkojo. Ukiendelea kujimiminia maji matupu, hayana pa kutokea. Sodiamu, yaani chumvi ya damu, inapungua, maji yanaingia ndani ya seli, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, vidole vinajaa mpaka pete haitoki, anachanganyikiwa, anaweza kuanguka na degedege. Wanaomtazama wanadhani ni kiu, wanamwongezea maji.

Kunywa kwa kiu, na ujue jasho lako mapema. Pima kabla: jipime kwenye mizani bila nguo, kimbia saa moja kwa mwendo wa safari katika joto la safari, jifute, jipime tena. Ukitoka na kilo 66.0 na kurudi na 65.2, na njiani ulikunywa lita 0.3, jasho lako ni lita 1.1 kwa saa. Huhitaji kulirudisha lote ukiwa unakimbia. Wengi wanaenda vizuri na lita 0.4 hadi 0.8 kwa saa, na kinachobaki kinarudi wakati wa kupumzika, pamoja na chakula chenye chumvi. Mizani ndogo ya bafuni haina uzito mkubwa. Ifungeni kwenye pikipiki. Ukisimama saa tatu na nusu ukiwa umepungua kilo moja au moja na nusu, hakuna tatizo. Ukiwa umepungua mbili au zaidi, jioni ile usikimbie mpaka umekula, umekunywa na umekojoa. Ukiwa umeongezeka uzito, acha kabisa maji matupu, halafu ule chumvi.

Oktoba yetu ina ujanja mmoja. Hewa ni kavu, mvua hazijaanza, jasho linakauka kabla hujaliona. Utajigusa mkono ukute mkavu, ukadhani hutoki jasho. Angalia ukingo wa kofia na kola ya shati: ule mstari mweupe ni chumvi yako. Lakini ukavu huo huo ni msaada mkubwa. Maji ukiyamwaga juu ya nguo yanakauka haraka na kukupoza vilivyo. Vaa shati la pamba, jeupe, pana, la mikono mirefu, na uliloweshe. Katika hewa hii nalipendelea kuliko zile fulana za plastiki za dukani. Funga kitambaa cha kitenge kilicholowa shingoni. Mvua za kwanza zikikukuta njiani, mambo yanageuka: hewa inajaa unyevu, jasho linadondoka bila kukauka, na jasho linalodondoka halipozi. Siku hiyo punguza mwendo tena hata kama mawingu yamefunika.

Beba bidoni mbili za lita 20. Moja ya kunywa, kwenye pikipiki. Nyingine ya kujimwagia, na uifunge uzi mwekundu shingoni ili isichanganywe. Ya kunywa ijazwe kwa maji ya chupa, au ya bomba yaliyotiwa klorini. Ya kujimwagia inaweza kujazwa kisimani. Usinywe maji ya mito ya upande wa Likasi na Kolwezi, hata yakichemshwa. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kolera. Metali za migodini hazichemki zikaondoka.

Kwa kinywaji chenye chumvi, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Sukari hiyo peke yake haitoshi mbio; unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kwa hiyo ongeza ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa, vipande vya mkate. Chikanda, ile ya mizizi ya porini iliyopondwa, ni chakula kizuri sana cha saa ya kupumzika, kina karanga na chumvi, na hakiharibiki haraka kwenye joto. Mayai ya kuchemsha pia. Bukari (ugali) iweke usiku, ukishamaliza siku; mchana inakaa tumboni wakati damu inahitajika kwenye ngozi na miguuni. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, unakubalika, kama ni wa leo na umetengenezwa kwa maji unayoyaamini. Uliza ulipikwa lini. Ule wa siku nyingi umeshachachuka, na kileo hakina nafasi katika safari hii.

Nakuja kwenye jambo ambalo wasaidizi wako wanapaswa kulijua kuliko wewe, kwa sababu likikupata hutaweza kujisaidia. Mkimbiaji aliyezidiwa na joto, joto la ndani likiwa limepita nyuzi 40, huanza kubadilika tabia. Anakuwa mkali bila sababu, anajibu vitu visivyoulizwa, anayumba, anakataa kusimama. Watu wanasubiri aache kutoka jasho ndipo waamini. Wasisubiri: mkimbiaji wa namna hiyo mara nyingi bado amelowa jasho. Kipimajoto cha kwapani au mdomoni kinaweza kuonyesha namba nzuri kumbe ndani anaungua. Mdogo wako akuulize maswali matatu kila anapokupa maji: leo siku gani, tumelala wapi jana, jina la mama yako. Ukikosea, au ukikasirikia swali, safari imesimama hapo hapo, na neno lake ndilo la mwisho. Mkubaliane hivyo kabla ya kuondoka, mbele ya mke wako au wazazi, ili asikuogope kama kaka mkubwa.

Likikupata, wasaidizi wakupoze kwanza, wakusafirishe baadaye. Kosa linaloua ni kumpakia mtu kwenye gari la moto na kukimbilia hospitali akiwa bado anaungua. Mtu akipozwa ndani ya nusu saa tangu aanguke, karibu kila mara anapona. Wamlaze kivulini, wamvue nguo, wamwage bidoni yenye uzi mwekundu mwili mzima, kichwani, shingoni, kwapani, mapajani, huku wakimpepea kwa nguvu bila kuacha. Wakiwa na turubai na watu wa kijiji wa kulishika pembe, wamlaze katikati, wajaze maji yaliyopo na kuyatikisa juu yake. Wenye barafu waitie humo. Waendelee mpaka akili irudi au aanze kutetemeka kwa baridi, ndipo apelekwe kituo cha afya. Na kama hawajui ni joto au ni maji yaliyozidi? Wampoze, maana kupoza hakumdhuru. Lakini mtu ambaye akili haijatulia asitiwe kitu mdomoni, na walio kituoni waambiwe amekunywa kiasi gani.

Dawa: usikimbie na diklofenaki wala ibuprofeni. Najua zinauzwa kila kona na miguu itauma. Misuli iliyochakaa kwa siku nyingi inamwaga protini zake kwenye damu, figo zinahangaika kuzichuja zikiwa tayari zina upungufu wa maji, na dawa hizo zinapunguza damu inayofika kwenye figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito au kola, umemaliza safari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama ni maumivu tu, parasetamo ukiwa umepumzika, kwa kipimo chake. Ukiamka na homa, fanya kwanza TDR, kipimo cha haraka cha malaria. Mtu mwenye homa hakimbii joto, hata kilomita moja.

Miguu na barabara nazipitia haraka. Kimbia upande wa kushoto, uyaone magari yanayokuja. Kamiyo mbili zikipishana, toka kabisa kwenye lami. Lami imeinama pembeni na nyonga moja itaanza kulalamika, kwa hiyo pakiwa na udongo mzuri kando, tumia huo. Viatu viwe vikubwa kidogo kuliko vya kazini, maana miguu hutanuka kwa joto. Vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho ndani ya soksi linakuwa msasa: kila mapumziko ya mchana vua, osha, kausha, paka vaselini, vaa soksi nyingine. Mapajani vilevile. Lala karibu na kituo cha afya au parokia inapowezekana, jijulishe kwa shefu (mkuu) wa kijiji, na kadi yako ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chako, iwe karibu, si chini ya mizigo.

Kama bosi wako anaweza kukusogezea likizo mpaka Juni au Julai, mwombe. Siku sita zitatosha wakati huo, na nusu ya niliyoyaandika hapa hutayahitaji. Akikataa, wiki ya kwanza ya Septemba fanya kile kipimo cha jasho, mara mbili, siku tofauti, na uniandikie: uzito kabla, uzito baada, ulichokunywa, na saa uliyokimbia. Nitakupangia maji ya kila kituo mpaka Likasi, halafu ya Likasi mpaka Kolwezi peke yake, maana kipande hicho cha pili ni kirefu na utakianza ukiwa umechoka.